Mkulima wa Korosho, Mtwara: Sura Tunazo, Majina Hatuna

Msimu wa korosho ukifunguliwa, picha za aina moja huanza kuzunguka tena. Mwanamke amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mbele yake jiwe, mkononi kirungu kidogo cha kubangulia, pembeni ungo. Vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa mafuta ya ganda, yale mafuta makali yanayombabua asiyejipaka majivu kwanza. Mpiga picha amesogea karibu, amevipata vile vidole sawasawa, hata nyufa za kucha zinahesabika. Ni picha nzuri. Ukishusha macho kusoma maelezo yake unakuta: "Mkulima wa korosho, Mtwara."

Jina la mpiga picha lipo pembeni kwa herufi ndogo. Jina la shirika lililomtuma lipo. Zao limetajwa, mkoa umetajwa. Asiyetajwa ni mwenye uso.

Wapo watakaosema hilo ni jambo la uhariri tu, halihusiani na sanaa. Mimi nasema linahusu sanaa yenyewe, tena kwenye mzizi wake. Mchoraji anaweza kukaa chumbani Masasi akabuni mwanamke anayebangua korosho, akampa uso autakao, na hakuna mtu aliyeguswa. Mpiga picha hana uwezo huo. Kamera inadai mtu awepo. Mwanga uliogonga paji la uso la mtu fulani, siku fulani, kwenye uwanja wa nyumba fulani, ndio ulioingia kwenye lenzi ukabaki. Hiyo ndiyo nguvu ya picha, na ndiyo deni lake pia: imetengenezwa kwa mtu ambaye yupo, ana mama aliyemzaa, ana watoto wanaomwita. Ukiliacha jina lake nje umechukua ushahidi wa kuwapo kwake ukaugeuza kuwa mfano wa kitu kingine, umaskini, uchapakazi, au "maisha ya Kusini".

Na sasa hoja hii imepata uzito mpya. Programu za akili mnemba zinaweza kukutengenezea mwanamke wa namna hiyo hiyo kwa sekunde chache, na ungo wake, na vidole vyake vyeusi, ilhali hajawahi kuzaliwa. Ukiziweka picha mbili hizo pamoja, zote zimeandikwa "Mkulima wa korosho, Mtwara", msomaji wa Dodoma au Mombasa atajuaje yupi aliishi? Jina, kijiji na tarehe ndivyo vinavyoweza kumpa pa kuanzia kuulizia. Mpiga picha asiyeuliza jina anaitupa faida pekee aliyobaki nayo dhidi ya mashine.

Tabia hii ya kutupiga picha bila kututaja haikuanzia kwenye mashirika ya leo. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa mila za watu kutoka Leipzig, alishuka Lindi, akatembea hadi Masasi, kisha akapanda uwanda wa juu wa Wamakonde hadi Newala. Alikuja na kamera zinazopiga picha kwenye vipande vya kioo, mashine ya kurekodi sauti na hata kamera ya sinema, wakati ambapo watu wengi duniani walikuwa hawajawahi kuona sinema hata moja. Alipiga picha nyingi mno: wanawake wenye ndonya, lile pambo la kutoboa, kwenye mdomo wa juu, migongo yenye chale, ngoma, nyumba, wahunzi, watoto. Nyingi ya kumbukumbu za zamani kabisa za sura za watu wetu wa Kusini, wale wa mbali na pwani, zimetoka kwenye mikono yake.

Zisome sasa zilivyoandikwa. Wanawake wa Kimakonde. Wanawake wa Kimakua. Wanawake wa Kiyao. Wakubwa wachache, watu kama Matola na Nakaam, wametajwa, kwa kuwa msafara ulihitaji kupokewa nao, kulala kwao, kupewa chakula na wapagazi. Mtu aliyekuwa na jambo la kumnufaisha mgeni aliandikwa jina. Mwanamke aliyesimamishwa juani ageuke kushoto, ageuke kulia, aliandikwa kabila. Tena tukumbuke mwaka wenyewe. Vita vya Maji Maji vilivyoanza 1905 kwenye vilima vya Matumbi, huko Kilwa, vilikuwa havijaisha. Kusini ilikuwa imechomwa, njaa ilikuwa inafuata nyuma ya moto, na msafara wa mgeni huyo ulitembea na askari. Katika hali hiyo, nani angekataa kusimama mbele ya kamera? Ninapowaangalia wanawake wale sioni "utulivu wa kiasili" kama wengine wanavyopenda kusema. Naona watu wanaosubiri jambo liishe.

Lindi ina habari inayofanana na hiyo, ila yenye kipande cha faraja ndani yake. Kati ya 1909 na 1913 wanasayansi kutoka Berlin walichimba mifupa ya dainosaria kwenye kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa, na mizigo ilishuka hadi bandarini Lindi kwa vichwa na mabega ya watu, mwendo wa siku kadhaa. Mjusi mkubwa wa Tendaguru, kama wengi wetu tunavyomwita, amesimamishwa Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Picha za kazi ile zipo. Wanaume wamesimama ndani ya mashimo, pembeni yao mfupa mmoja mrefu kuliko mtu. Wapagazi wamejipanga mstari mrefu, kila mmoja na furushi lake.

Katika umati ule tunayemjua ni Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji na fundi wa kuiandaa mifupa. Mwingine ni Mohammadi Keranje. Tunawajua kwa sababu majina yao yaliandikwa. Na kwa kuwa yaliandikwa, yakaja kufanya kazi baada ya miaka mia moja: mwaka 2007 dainosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi Australodocus bohetii, na mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera, wenyeji wa huko, na ya Keranje mwenyewe. Mamia ya wengine waliobeba mzigo uleule, kwenye picha zilezile, hawawezi kupewa heshima hiyo hata na mwanasayansi mwenye nia njema kuliko wote. Atawapaje? Sura anazo, mahali pa kuanzia hana.

Kuna pingamizi ninalolisikia sana kutoka kwa wapiga picha vijana, na ni la watu wanaofikiri, hivyo linastahili jibu. Wanasema jina huibana picha. Mwanamke asiye na jina anaweza kuwa mama wa kila mtu, ukimwita kwa jina anakuwa mama wa fulani, na sanaa inashuka kuwa kitambulisho. Nakubali kwamba picha bora huvuka mtu mmoja. Nisichokikubali ni kwamba huvuka kwa sababu ya kumficha. Tunazo picha za Mwalimu Nyerere na za Bibi Titi Mohamed ambazo zimebeba nchi nzima ndani yake, na hakuna aliyewahi kuhitaji kuwafuta majina ili zifanye hivyo. Kwa nini kanuni ya kufuta imhusu mbangua korosho peke yake? Ukichunguza utaona kwamba asiyetajwa karibu kila mara ni maskini, na karibu kila mara yuko mbali na mahali ambapo picha itatazamwa.

Tena hatari hiyo humrudia mpiga picha mwenyewe. Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, akawapiga wenyeji wa mji wake kwa mwanga wa uani, nyuma yao ametandaza shuka la kitanda lenye maua. Mwaka 1991 picha zake zilionyeshwa New York, zikiandikwa kuwa ni za mpiga picha asiyejulikana. Keïta alikuwa hai, yuko Bamako, na maelfu ya negativu zake, zile filamu ambazo picha huchapishwa kutoka kwazo, amezitunza. Ilibidi atafutwe. Alipofariki mwaka 2001 dunia ilikuwa imeshamjua, lakini wengi wa waliokaa mbele ya kamera yake bado hawana majina. Aliyepona alipona kwa sababu alikuwa na masanduku ya negativu na mtu aliyejali kuuliza.

Nimezungumza juu ya jina kana kwamba sura yenyewe imeshapatikana. Kwetu huku, hata sura haipatikani bila kazi, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa ndipo ufundi ulipo.

Mtwara iko nyuzi kumi na kidogo kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mnamo wiki ya tatu ya Oktoba na tena baada ya tarehe 20 Februari. Katika miezi hiyo, saa sita mchana pale Feri, mtu aliyesimama wima hana kivuli cha kusema. Kivuli chake chote kiko usoni: chini ya nyusi, chini ya pua, chini ya mdomo. Macho yanapotea kabisa. Ongeza mchanga mweupe wa Msimbati nyuma yake, au umati wa kanzu siku ya Idi, kisha umwachie simu au kamera iamue yenyewe. Kipimamwanga chake kimejengwa kwa dhana kwamba vyote vilivyo mbele yake vikichanganywa vinatoa kijivu cha wastani, kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Kinapokutana na weupe mwingi, kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza. Mchanga unatoka vizuri, kanzu zinatoka vizuri, bahari inapendeza. Uso wa Mmakonde uliokuwa katikati unabaki doa lenye meno.

Tatizo hili lina historia pia. Kwa miongo kadhaa, maabara zilizosafisha picha za rangi zilipima usahihi wa rangi zao kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke Mzungu. Ngozi yake ikitoka sawa, kazi imekubaliwa. Weusi walipolalamika hawakusikilizwa sana. Waliochangia kuisukuma kampuni irekebishe filamu ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi mbalimbali za kahawia zionekane kwenye matangazo yao. Kadi yenye watu wa rangi tofauti ilikuja miaka ya 1990. Mwaka 2021 Google walitoa simu ya Pixel 6 wakiitangaza kuwa imerekebishwa iweze kupiga ngozi nyeusi kwa haki. Hiyo ni safari ndefu kwa jambo lililokuwa wazi tangu siku ya kwanza.

Lakini mpiga picha wa Mtwara hana sababu ya kusubiri kiwanda. Pima mwanga usoni, usipime mbinguni, na kama anga litaungua, liungue. Mtoe mtu juani umweke kwenye baraza. Nyumba za zamani za Mikindani zina baraza zinazofaa kuliko studio yoyote: ukimkalisha mtu pale mbele ya mlango, mwanga hauji kutoka juu, unakuja kutoka chini, umegonga udongo mkavu wa uwanjani ukapanda usoni taratibu, wenye joto la udongo ule. Macho yanafunguka, na mashavu yanapata mviringo wake. Ngozi nyeusi ikipewa mwanga wa pembeni hung'aa kwa namna ambayo ngozi nyeupe haiwezi, kwa kuwa inaurudisha mwanga kwenye kingo za mifupa, na hapo ndipo mtu anapofanana na yeye mwenyewe. Mwembe au mkorosho wenye matawi mapana utakufaa pia, mradi majani yasiache matundu ya jua usoni.

Kwa hiyo huwa naumia ninapoona picha za harusi za hapa mjini Mtwara, za Chikongola na Shangani, zinazorudi kutoka kwa wahariri. Bibi harusi aliyeingia ukumbini mweusi, mzuri, ametolewa rangi ya chai ya maziwa, na vitundu vya ngozi vimefutwa kana kwamba uso ni plastiki. Wanaofanya hivyo hujitetea kwamba wateja ndio wanaotaka. Wengine wanataka, kweli, kwa sababu hawajawahi kuonyeshwa picha yao iliyopimwa vizuri. Mwonyeshe mtu sura yake ilivyo chini ya mwanga wa baraza, kisha ndipo umuulize kama anataka ing'arishwe.

Turudi kwenye majina. Watu wa studio za zamani walikuwa na utaratibu ambao tumeupoteza bila hata kuusindikiza. Chukua picha yoyote ya ukumbusho ya miaka ya sabini au themanini, zile zenye pazia lililochorwa minazi na bahari, igeuze. Nyuma utakuta muhuri wa studio, mara nyingi tarehe, mara nyingine namba ya negativu ili ukitaka nakala urudi uitaje. Chini yake kuna mwandiko wa bluu: picha hii iwe ukumbusho kwa dada yangu mpendwa, jina, mahali. Mtu alilipia picha mbili au tatu, akaziandikia, akazituma kwa basi au kwa meli. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, basi la Dar lilisubiri pantoni Rufiji, na masika barabara ilipokatika bahasha ilikaa njiani muda mrefu. Safari ya namna hiyo ilimlazimu mtu aandike kila kitu, maana hakujua itafika lini na nani ataifungua.

Simu imeondoa usumbufu huo pamoja na maandishi yake. Na hapa kuna jambo la kiufundi ambalo wengi hawalijui. Unapopiga picha kwa simu, faili huhifadhi ndani yake tarehe, saa, na ukiruhusu, hata mahali. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa na picha hubanwa ikapungua ubora. Upande wa pili inafika na jina linaloanza na IMG na kuishia na WA na tarakimu, na tarehe iliyomo ni ya siku ilipopokelewa. Picha ya marehemu babu iliyopigwa upya kutoka kwenye albamu na kusambazwa kwenye kundi la ukoo wiki iliyopita inasema ni ya wiki iliyopita. Wajukuu watakapoikuta hawatakuwa na hata mwaka wa kubahatisha. Tuma kama waraka, taarifa zitabaki. Na chache unazozipenda, zichapishe, uandike nyuma kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, kwa kuwa wino hupenya ukaharibu upande wa pili.

Sidai kwamba kila jina litangazwe. Kujua jina na kulitangaza ni mambo mawili, na watu wetu wanaelewa tofauti hiyo vizuri kuliko wapiga picha wengi. Shule zikifungwa, Juni na Desemba, mitaa ya Mtwara, Newala na Tandahimba hujaa ngoma za kuwatoa wali, watoto waliomaliza jando na unyago. Watoto wamebebwa mabegani, nguo mpya, miwani ya jua, miavuli juu, shangazi zao wanawatunza noti, na wapiga picha wanakimbia mbele ya msafara. Siku hiyo picha zinaruhusiwa, zinalipiwa, zinagombewa. Yaliyotokea kumbini, kule walikofundwa, kabla ya siku hiyo hayapigwi, na hakuna anayehitaji kibao cha kukataza. Jamii imeshachora mstari kati ya kinachoonyeshwa na kisichoonyeshwa, na imeuchora muda mrefu kabla ya sheria yoyote ya faragha. Mpiga picha anayeheshimu mstari huo anaweza kuandika jina la mwali kwenye daftari lake, akampa mama yake nakala, na asiliweke jina hilo mtandaoni kabisa. Vivyo hivyo kwa mgonjwa, kwa mtoto aliyeumizwa, kwa anayesema jambo litakalomletea hatari. Jina likifichwa kwa makubaliano, aliyefichwa analindwa. Mbangua korosho wa kwenye ile picha hakuulizwa lolote.

Na malalamiko yake, ukikaa naye, huwa si ya fedha kwanza. Mama mmoja mbangua korosho aliniambia, bila hasira: "Mwanangu, wanakuja, wananipiga, wanasema asante mama. Hiyo picha sijaiona mpaka leo." Kuchapisha nakala moja mjini Mtwara ni gharama ndogo mno ukiilinganisha na mafuta ya gari lililompeleka mpiga picha kijijini. Shirika lenye bajeti ya kamera lina uwezo wa bajeti ya nakala. Liandike kwenye mkataba wa mpiga picha kwamba kazi haijakamilika mpaka aliyepigwa apate picha yake, asome au asomewe maelezo yatakayowekwa chini yake, na ayakubali.

Kwa picha za 1906 na za Tendaguru, muda umetuacha mno, lakini si kila kitu kimekwisha. Makumbusho ya Ujerumani yanazo, na mengi yao siku hizi yamo katika mazungumzo ya nini kifanyike na mali za makoloni. Mjadala kwetu umelemea kwenye mifupa: mjusi arudi au asirudi. Nakala za picha ni nyepesi kurudisha kuliko mjusi, na hakuna anayepoteza kitu kwa kuzitoa. Zichapishwe kubwa, zipelekwe Newala, Masasi, Mahuta, na vijiji vinavyozunguka Tendaguru, wakae nazo wazee. Huenda hakuna atakayesema huyu ni bibi yangu. Lakini yupo atakayejua chale za namna ile zilichanjwa upande gani wa uwanda, ndonya ya ukubwa ule ilivaliwa na mwanamke wa umri gani, kile kilima cha nyuma kinaitwaje, ngoma ile huchezwa msibani au unyagoni. Kutoka "wanawake wa Kimakonde" tutafika kwenye kijiji, pengine kwenye ukoo. Na wazee hao walipwe kama wataalamu wengine wanavyolipwa, majina yao yaandikwe kwenye kumbukumbu za makumbusho hayo kuwa ndio waliozitambua.